Asili ya Neno Manowari

Kisiwa cha Funzi kipo kusini mwa Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, karibu na mahali Mto Ramisi unapoingia baharini. Upande wa bara kimezungukwa na mikoko na vijito vya maji ya chumvi ambavyo hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Upande wa mashariki, ng'ambo ya miamba, kuna mkondo wa bahari wenye kina kirefu utenganishao bara na kisiwa cha Pemba. Wenyeji wa Funzi ni Washirazi wasemao lahaja ya Chifundi, na tangu kale kazi yao kubwa ni uvuvi. Mtu atakaye kujua utajiri wa Kiswahili katika mambo ya bahari na aende akasimame pwani ya kisiwa hicho alfajiri, wakati vyombo vinaposukumwa majini. Atasikia mtumbwi, ngalawa, dau, mashua na jahazi, wala hapana hata mtoto mdogo atakayekosea kupambanua hiki na kile.

Katika maneno hayo ya vyombo limo moja ambalo wanafunzi wangu, kila niwaulizapo asili yake, hunijibu bila kusita kuwa ni la Kiarabu. Neno lenyewe ni manowari, yaani merikebu ya vita. Hoja yao ni kwamba linasikika kama la Kiarabu, na kwamba maneno mengi ya bahari yametujia kwa Waarabu na Waajemi. Hoja ya pili ina ukweli: merikebu ni neno la Kiarabu, na nahodha, nanga na bandari asili yake ni Uajemi. Lakini hoja ya kwanza haina nguvu, maana sikio si shahidi wa kutegemewa katika mambo ya lugha. Manowari ni neno la Kiingereza. Tena kwa Waingereza si neno moja bali ni matatu yaliyofungwa pamoja: man, of na war. Tafsiri yake, neno kwa neno, ni "mtu wa vita".

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, ilikuwaje merikebu ikaitwa mtu. Zamani Waingereza walilitumia jina hilo kwa mtu hasa, yaani askari au mpiganaji, na katika Biblia yao iliyopigwa chapa mwaka 1611 bado laonekana kwa maana hiyo katika kitabu cha Kutoka. Lakini tangu karne ya 15 jina lilikuwa limekwisha kupanda chomboni. Merikebu ya kupigana ikaitwa "mtu wa vita", kama ile ya biashara ilivyoitwa merchantman, na ile iliyosafiri mpaka Bara Hindi ikaitwa Indiaman. La kuchekesha ni kwamba Waingereza hao hao, wanapoizungumza merikebu, huitaja kama mwanamke. Basi yule mwanamume wa vita hugeuka bibi mara aingiapo majini. Si kila taifa lililofuata njia hiyo. Wafini wa Ulaya ya kaskazini, ambao lugha yao ina desturi kubwa ya kuunganisha maneno mawili au matatu kuwa moja, husema sotalaiva: sota ni vita, na laiva ni merikebu. Wajerumani nao husema Kriegsschiff kwa mpango ule ule. Hayo ni maneno yanayoeleza kitu waziwazi. La Kiingereza lilikuwa fumbo hata kabla halijafika kwetu.

Je, sisi hatukuwa na neno letu? Tulikuwa nalo, tena zaidi ya moja. Watu walisema merikebu ya vita, na walisema merikebu ya mizinga. Yafaa nisimame kidogo katika neno mzinga, kwa kuwa lina hadithi nzuri. Mzinga wa kwanza ni wa nyuki: gogo la mti lililochimbwa ndani likabaki wazi kama bomba, ambalo mfugaji wa nyuki hulitundika mtini. Watu wa pwani walipouona mdomo mweusi wa silaha ile ya chuma iliyoletwa na wageni, waliona gogo lao lenye uwazi, wakaliita mzinga. Kwa hiyo merikebu ya mizinga ni jina lililotungwa na watu walioangalia kitu kwa macho yao wenyewe, wakakifananisha na kitu cha nyumbani.

Wala merikebu za namna hiyo hazikuwa ngeni katika bahari yetu. Wareno walikuja nazo tangu mwisho wa karne ya 15. Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Unguja, alikuwa nazo nyingi, na moja yao, iliyoitwa Liverpool, ilikuwa na mizinga 74. Mwaka 1836 alimpa mfalme wa Uingereza, William wa Nne, merikebu hiyo iwe zawadi, nao Waingereza wakaibadili jina wakaiita Imaum. Basi haiwezekani kusema kwamba Waswahili waliazima neno la kigeni kwa sababu hawakuwa na lao, au kwa sababu hawakujua kitu chenyewe. Kitu walikijua na jina walikuwa nalo. Hapa ndipo penye swali la historia: kwa nini basi waliazima?

Jawabu langu ni hili. Merikebu ya mizinga ingaliweza kuwa ya mtu ye yote, ya Sultani, ya Mreno au ya Mfaransa. Lakini katika karne ya 19 ilitokea pwani hii merikebu ya aina moja mahsusi, yenye bendera moja na kazi yake maalumu, nayo ilikuja mara kwa mara mpaka ikahitaji jina lake yenyewe. Hiyo ni merikebu ya vita ya Waingereza, na jina lililoishika ndilo lile lililotamkwa na mabaharia wake.

Mapema mwaka 1824 Nahodha William Fitzwilliam Owen aliingia Mombasa na merikebu yake Leven. Mazrui waliotawala mji walikuwa wakimwogopa Seyyid Said, nao waliomba kinga ya Uingereza. Owen akakubali, akamwacha pale ofisa wake kijana jina lake Reitz, ambaye alikufa kabla ya mwaka kwisha na ambaye jina lake limebaki katika Port Reitz mpaka leo. Kinga hiyo haikudumu. Serikali ya London haikuiridhia, ikaondolewa mwaka 1826. Lakini mambo mengine yalikuwa yamekwisha kuanza. Kwa mkataba wa 1822 Seyyid Said alikuwa amekubali kuzuia watumwa wasiuzwe kwa mataifa ya Kikristo. Kwa mkataba wa 1845 akakubali wasitolewe tena katika nchi zake za Afrika kupelekwa ng'ambo. Na tarehe 5 Juni 1873 mwanawe, Seyyid Barghash, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku biashara yote ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Unguja likafungwa. Kila mkataba uliwapa Waingereza sababu kubwa zaidi ya kusimamisha vyombo na kuvipekua.

Sasa tazama mahali ilipo Funzi. Mwezi Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilinusurika, na karafuu za Pemba zikapanda thamani. Mashamba ya Pemba yakataka watu wa kazi. Baharini kukawa kumefungwa, basi wafanya biashara wakawaendesha watumwa kwa miguu kando ya pwani, kutoka kusini kupita Pangani na Vanga, kisha usiku wenye upepo mzuri wakawavusha kwa majahazi mpaka Pemba. Kutoka Funzi hata ncha ya kaskazini ya Pemba ni kiasi cha kilomita 40 tu. Mkondo huu tunaouona mbele ya miamba yetu ukawa mahali pa kuwindana. Merikebu kubwa haikuweza kuingia katika vijito vya mikoko. Ilitia nanga mbali, ikashusha mashua zake, na mabaharia wakakaa ndani ya mashua hizo kwa siku nyingi, wakivizia. Kuanzia 1874, kwa muda wa karibu miaka kumi, merikebu ya zamani iitwayo London ilitia nanga katika bandari ya Unguja ili iwe makao ya kazi hiyo. Mkuu wake, Nahodha Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba mwezi Desemba 1881 alipojaribu kulikagua jahazi lililokuwa na watumwa.

Mabaharia wa Kiingereza hawakuwa peke yao. Katika merikebu zao walichukuliwa watu wa pwani yetu wawe makuli, wachochea moto na wakalimani. Waingereza waliwaita Seedies. Walikula chakula cha merikebu hizo, walipokea mshahara wake, na walisikia lugha ya watu wake mchana na usiku. Waliposhuka Unguja au Mombasa, wakaulizwa na ndugu zao wanafanya kazi wapi, hapana shaka walitaja chombo kama walivyozoea kusikia kikitajwa. Neno halikuja kwa kitabu wala kwa shule, kwani lilipoanza kusemwa shule za Kiingereza zilikuwa chache mno katika pwani hii. Lilikuja kwa kinywa na sikio.

Ushahidi wa jambo hilo umo ndani ya neno lenyewe. Mwingereza anayeandika barua huandika man-of-war. Baharia wa Kiingereza hakusema hivyo: alilimeza lile neno la katikati, ikabaki o peke yake, man-o'-war. Sisi tunasema manowari, si manofwari. Kisha, kwa kuwa Kiswahili hakipendi neno liishe kwa konsonanti, tukaongeza irabu mwishoni, kama tulivyofanya katika koti, shati na benki. Irabu hiyo ndogo ilileta bahati njema. Mkazo wa Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuongezwa i mkazo umeangukia wa, mahali pale pale Mwingereza anapotilia nguvu. Neno lilibadili nguo lakini mwendo wake haukupotea.

Nawaomba wanafunzi walinganishe neno hili na maneno mawili mengine yaliyotoka katika lugha hiyo hiyo. Katika Tanzania mzunguko wa barabara huitwa kiplefti, kutoka keep left, yaani "shika kushoto". Na kwa kuwa neno laanza kwa ki, wasemaji wameliingiza katika ngeli ya kitu na vitu, wakasema viplefti viwili. Kadhalika mudguard, kile kifuniko cha gurudumu kizuiacho tope, kimekuwa madigadi, na wengine wakiwa na kimoja tu husema digadi, kana kwamba ma ni alama ya wingi. Manowari nalo laanza kwa ma. Mbona hatusemi nowari moja, manowari mbili? Twasema manowari hii, manowari hizi. Nionavyo mimi, ni kwa sababu neno lilipofika lilikuta nduguze wamekwisha kukaa: merikebu hii, merikebu hizi. Likakaa ubavuni mwao. Neno geni hutafuta watu wa kazi moja nalo, kisha hufuata desturi zao.

Karibu na wakati huo huo lilifika neno lingine la baharini, meli. Mwaka 1872 kampuni ya British India ilianza safari za merikebu za moshi zilizochukua barua kati ya Aden na Unguja. Barua kwa Kiingereza ni mail, na kutoka katika merikebu ya barua likabaki jina la barua peke yake, meli, ambalo leo latumiwa kwa chombo cho chote kikubwa cha bahari hata kama hakina barua moja ndani yake.

Nimesema kwamba manowari ilikuwa na kazi maalumu. Vitabu vilivyosomwa shuleni zamani za ukoloni vilieleza kazi hiyo kwa upande mmoja, kwamba ilikuwa kuwaokoa watumwa. Ni kweli iliwaokoa, na hatuna budi kulitaja bila choyo. Kijiji cha Freretown, karibu na Mombasa, kilianzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa majahazini, na wajukuu wa watu hao wangalipo. Kwa mtu aliyefungwa chini ya sitaha ya jahazi, bila maji, kishindo cha mzinga wa onyo kilikuwa habari njema kuliko zote alizopata kusikia. Lakini kwa nahodha aliyebeba nazi na chokaa mambo yalikuwa mengine. Sheria ya Uingereza iliwapa mabaharia zawadi ya fedha kwa kila mtumwa aliyekombolewa na kwa kila tani ya chombo kilichoharibiwa. Fedha hizo zilitia tamaa, na katika miaka ya 1860 yalizuka malalamiko mengi kwamba vyombo vya biashara halali vilichomwa moto, kwa hoja kwamba mabaharia wake walikuwa watumwa, au kwamba vilikutwa na mbao na maji mengi kupita kiasi. Mwenye chombo hakuwa na njia rahisi ya kudai, kwa kuwa chombo chenyewe, ambacho ndicho kingekuwa ushahidi, kilikuwa majivu.

Kisha kazi ikaongezeka. Mwezi Januari 1875 merikebu mbili, Rifleman na Nassau, ziliipiga kwa mizinga Ngome ya Mombasa ili kumshinda akida aliyemwasi Sultani. Miaka 20 baadaye zamu ikawa yetu sisi watu wa kusini. Tarehe 1 Julai 1895 nchi hii ilitangazwa kuwa chini ya himaya ya Uingereza. Katika Gazi, yapata kilomita 20 kaskazini mwa Funzi, alikaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Mazrui, mtu aliyekuwa amepigana na Masultani wa Unguja kwa miaka mingi wala hakukubali kuwa chini ya mtu. Admirali Harry Rawson alikuja na merikebu zake, Mbaruk akaiacha Gazi akaenda ngomeni kwake Mwele, huko milimani. Mwezi Agosti mabaharia na askari walishuka nchi kavu, wakapita msituni, wakaiteka Mwele na kuiteketeza. Walipewa nishani, na katika ukingo wake palichongwa maneno "Mwele 1895". Vita viliendelea katika vichaka mpaka Aprili 1896, Mbaruk alipovuka mpaka akajisalimisha kwa Wajerumani. Ukienda leo Gazi utaiona nyumba ya Mbaruk ingalisimama.

Admirali yule yule, miezi minne baada ya Mbaruk kuvuka mpaka, alikuwa Unguja. Seyyid Khalid bin Barghash alikuwa ameingia katika kasri bila ya idhini ya Waingereza. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu ya asubuhi, manowari zilianza kuipiga kasri kwa mizinga. Vita vilikwisha kabla ya dakika 45 kupita. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Merikebu ya Sultani iitwayo Glasgow, yenye mizinga yake pia, ilithubutu kujibu, ikazamishwa palepale, na milingote yake ikabaki juu ya maji miaka mingi, mbele ya macho ya kila aliyeingia bandarini. Siku hiyo merikebu ya mizinga na manowari zilipambana, nayo manowari ikashinda, katika maji na katika lugha vilevile. Kwani Madan alipotoa kamusi yake ya Kiswahili mwaka 1903 alilitia neno manowari ndani yake, na Johnson akalitia katika kamusi ya 1939.

Lakini ushindi wa namna hiyo una jambo lake. Neno lilipokwisha kuwa la Kiswahili, halikuwa tena mali ya Waingereza. Khalid mwenyewe, aliyekimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani, alitolewa Unguja mwezi Oktoba 1896 kwa chombo cha vita cha Kijerumani, Seeadler. Nacho kwa Kiswahili ni manowari. Tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg iliivamia manowari ya Kiingereza Pegasus iliyokuwa ikitengenezwa katika bandari ya Unguja, ikaizamisha. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, Königsberg nayo ikaangamizwa katika mdomo wa Mto Rufiji. Mswahili akisimulia habari hizo husema manowari ya Kijerumani na manowari ya Kiingereza, wala haoni ajabu yo yote. Yule "mtu" aliyekuwamo ndani ya jina amesahauliwa kabisa, na "vita" pia havisikiki tena katika herufi zake. Hata chombo cha vita kinachokwenda chini ya maji, ambacho huitwa manowari ya chini ya maji, kimepewa na wengine jina jipya lililotungwa nyumbani, nyambizi, kutoka katika mbizi ya mwogeleaji.

Kenya ilianzisha jeshi lake la majini tarehe 16 Desemba 1964, makao yake yakiwa Mtongwe, Mombasa. Askari wake huitwa wanamaji, neno tulilolitunga wenyewe kwa kuunganisha mwana na maji, nalo kila mtoto aweza kulifungua na kuona kilichomo ndani. Baadhi ya vyombo vyao vimepewa majina ya Kiswahili, kama vile Shujaa na Jasiri, ijapokuwa mbele ya majina hayo huandikwa herufi KNS, ambazo ni ufupisho wa Kiingereza. Mvuvi wa Funzi akikiona chombo cha namna hiyo kikipita nje ya miamba kuelekea Shimoni hasomi herufi hizo, maana ni mbali mno. Humwonyesha mwenziwe kwa kidole na kusema, manowari ile. Na kwa ile hiyohiyo huitaja ngalawa yake iliyolala mchangani.